Ndani ya sanduku la gemu (3): Diski iliyofunga ndoa na bodi

Wiki iliyopita tuliiacha PlayStation ya kwanza ikinong'onezewa herufi nne. Kwa aliyetukosa: diski halali za Sony zilibeba herufi hizo, SCEI kwa Japani, SCEA kwa Marekani na SCEE kwa Ulaya. Zilitiwa kwa kuitikisa kidogo njia ya data kwenye ukingo wa ndani wa CD, mahali ambapo kifaa cha kuchomea CD nyumbani hakiwezi kuiga. Chipu ya fundi ikazituma yenyewe, mashine ikaridhika. Ni hadithi ya mlinzi wa getini na neno la siri. Leo tunafunga mfululizo kwa mashine yenye mlinzi mkali zaidi, Xbox ya kwanza, ambayo imenila Jumamosi mbili nzima.

Xbox hiyo ilitoka Marekani Novemba 2001. Kwetu haikuzoeleka, kwenye vibanda vya gemu mitaani watoto walipangia foleni PlayStation. Hii iliyo mezani kwangu ilikuja kwenye begi la mpwa wangu anayeishi Marekani, aliyerudi likizo. Simu yake ya kwanza ilikuwa hivi:

"Shikamoo mjomba. Ile gemu imetoa mlio, halafu kimya."

"Marahaba. Umeichomeka wapi?"

"Ukutani."

Ukutani kwetu kuna volti 230. Kifaa cha umeme kilichomo ndani ya Xbox ya Marekani kimetengenezwa kwa volti 110 hadi 120, na hakina swichi ya kuchagua. Kwa bahati fyuzi ilijitoa kafara pamoja na kidude kimoja jirani yake. Nilibadilisha vyote viwili, nikaweka transfoma ya kushusha umeme, ikawaka. Ndipo kijana akaleta shida yake halisi: diski ya ndani ni ndogo, gigabaiti 8 tu. "Mjomba, niwekee diski kubwa basi. Mambo ya chipu sitaki, ni ya wezi wa gemu."

Ombi lilionekana jepesi. Ukifungua kasha unakuta kompyuta ya mezani iliyovikwa joho jeusi: prosesa ya Intel ya jamii ya Pentium III yenye megahezi 733, kumbukumbu ya megabaiti 64, chipu ya picha ya nVidia, na diski ngumu ya IDE kama zile zilizojaa kwenye maboksi ya mafundi wetu. Waya bapa ni uleule, plagi ya umeme ni ileile. Unachomoa ndogo, unachomeka kubwa, unafunga. Nani angedhani vinginevyo?

Lakini diski ya Xbox imefungwa kwa nenosiri. Sisemi faili zilizomo, diski yenyewe. Diski za IDE za wakati huo zina amri ya usalama: zikipewa nenosiri, kila zinapopata umeme hukataa kusoma wala kuandika hata herufi moja mpaka litajwe. Ukiichukua ile ya Xbox na kuichomeka kwenye kompyuta, kompyuta itakutajia jina la mtengenezaji na ukubwa wake, kisha basi. Ni kama mgeni anayekutajia jina lake na ukoo wake halafu anakaa kimya usiku kucha.

Nenosiri hilo halikuandikwa popote. Kwenye bodi kuna chipu ndogo ya kumbukumbu, EEPROM, yenye baiti 256 tu, na ndani yake, kwa maandishi ya fumbo, umo ufunguo ambao ni wa Xbox hiyo moja peke yake. Mashine inapowaka huchukua ufunguo huo, huiuliza diski modeli yake na namba yake ya kiwandani, huvichanganya kwa hesabu iitwayo HMAC-SHA1, na kinachotoka ndicho nenosiri. Kwa hiyo diski ya Xbox yako haifunguki kwenye Xbox yangu. Na diski mpya, hata ukinakili humo kila kitu kilichokuwa kwenye ya zamani, ina namba nyingine ya kiwandani, kwa hiyo inahitaji nenosiri jingine. Diski na bodi vimefunga ndoa, na cheti kimefungiwa ndani ya chipu ambayo mwenye mashine hana njia ya kawaida ya kuisoma.

Hapo ndipo nilipomkalisha kijana chini. Kubadilisha diski na kuweka chipu si kazi mbili. Ni kazi moja, kwa sababu anayetakiwa kukubali diski mpya ni programu ya kuwashia mashine, na programu hiyo inalindwa.

Inalindwa vipi? Prosesa inapopata umeme, maagizo ya kwanza kabisa haiyachukui kwenye chipu ya flashi inayoonekana kwenye bodi. Huyachukua kwenye kijisehemu cha baiti 512 kilichofichwa ndani ya chipu kubwa inayosimamia diski, sauti na nyaya za nje. Maagizo hayo hufumbua yaliyomo kwenye flashi, huangalia kama yamefumbuka sawasawa, kisha hujifunika yasionekane tena. Watu wa kwanza waliofyonza flashi hiyo waliona mahali pake maagizo yanayofanana na ya kuwashia, wakadhani wamefika. Wakayabadilisha, mashine ikawaka vilevile. Yalikuwa kiini macho.

Aliyeyafikia ya kweli ni Andrew Huang, anayejulikana zaidi kwa jina la bunnie, wakati huo mwanafunzi wa shahada ya uzamivu pale MIT. Alijua jambo moja ambalo waliounda Xbox walilipuuza: hata siri iliyofichwa ndani ya chipu, ikihitajika na prosesa iliyo kwenye chipu nyingine, lazima isafiri juu ya bodi. Njia yake ni nyaya nyembamba za shaba, na data hupita humo kwa kasi ya megabaiti 400 kwa sekunde. Inaonekana ilichukuliwa kwamba kasi hiyo peke yake ni ulinzi, kwamba hakuna mtu wa mezani kwake mwenye kifaa cha kusikiliza kitu kinachokimbia hivyo. Bunnie alitengeneza bodi yake ndogo, akaibandika juu ya nyaya hizo, akarekodi kilichopita mashine ilipowaka. Ndani ya kilichopita mlikuwa na ufunguo wa mtindo wa RC4, na ulikuwa mmoja kwa kila Xbox iliyokwisha kuuzwa. Maelezo yake aliyatoa mwaka 2002. Mwaka uliofuata akayapanua kuwa kitabu. Mchapishaji wa kwanza alijitoa kwa kuogopa sheria, akaja mwingine.

Microsoft wakabadilisha mtindo kwenye toleo lililofuata, 1.1. Safari hii walitumia hesabu ya TEA kupimia kama programu imeguswa, ilhali udhaifu wa TEA kwa kazi ya namna hiyo ulikwisha kuandikwa na wataalamu miaka kadhaa nyuma. Wakavukwa tena. Mimi hapa huwa nawasikitikia kidogo, maana walikuwa na haraka na mashine ilikuwa ikiuzwa kwa hasara: dola 299 ilipotoka, dola 199 kufikia Mei 2002, hasara ikitegemewa kurudi kwa mauzo ya gemu. Sanduku la bei hiyo linalokubali programu yoyote lingenunuliwa kama kompyuta ya bei poa, na gemu asinunue mtu. Basi mlinzi hakuwekwa kuilinda diski ya mpwa wangu. Aliwekwa kuilinda hesabu ya Microsoft, na diski ikakamatwa humohumo kama dagaa kwenye nyavu ya kambale.

Sasa chipu. Kiwandani, bodi ambayo flashi yake ni mbovu au haina kitu ilihitaji kuwashwa kwa njia nyingine ili ipimwe. Wahandisi wakaacha mlango wa nyuma: mashine ikiona data ya flashi haieleweki, huenda kutafuta maagizo kwenye njia ndogo ya data iitwayo LPC, inayotokeza kwenye bodi kama safu mbili za matundu. Chipu ya fundi ni flashi nyingine inayokaa kwenye matundu hayo. Kilichobaki ni kuifanya flashi halisi isieleweke, na hiyo ni kazi ya waya mmoja: unalehemu kwenye alama ndogo ya D0, ambayo ni mmojawapo wa mistari minane ya data, unaupeleka kwenye chipu, nayo huuunganisha na ardhi ya bodi. Mstari mmoja ukibanwa kwenye sifuri, baiti nyingi zinasomeka vibaya, na mashine inakimbilia mlango wa nyuma. Chipu za mwanzo kabisa zilikuwa na nyaya 29, kazi ya kukufanya upofuke. Za baadaye zikabaki na safu ya pini na waya mmoja. Microsoft walikuja kuziondoa nyaya kadhaa za LPC kwenye toleo la 1.6, mafundi wakazirudisha kwa nyaya zao.

Ya mpwa wangu ilikuwa 1.1. Nikaigeuza juu chini. Skurubu sita za kasha zimejificha chini ya miguu ya mpira na chini ya karatasi za namba. Zinataka bisibisi ya nyota yenye pembe sita, namba T20, na za ndani T10. Kabla ya yote nilitazama kapasita ya saa, kikopo kidogo cha fedha karibu na ukingo wa bodi. Katika matoleo yote kabla ya 1.6 hiki huvuja kadiri miaka inavyopita, na maji yake hula shaba polepole. Chake kilikuwa kimeshaanza: doa la kahawia, kama chai iliyomwagika jana. Nikakikata, nikasugua mahali pake kwa spiriti na mswaki wa zamani. Hasara yake ni kwamba ukichomoa umeme mashine inasahau saa.

Matundu ya LPC yameshiba risasi ya kiwandani, na matundu ya ardhi ni mabishi kwa sababu shaba yake imeungana na tabaka kubwa linalonyonya joto. Pasi ya kulehemu ya wati 30 ilinishinda. Ya wati 60 ikatii. Waya wa D0 nilitumia unywele mmoja kutoka kwenye waya wa simu ya mezani. Ukitoka nje ya alama kwa nusu milimita umegusa mstari wa jirani, na taa ya mbele itamweka nyekundu na kijani kama harusi ya mtaani. Yangu ilimweka mara mbili kabla sijapatia.

Diski niliyochagua ni ya gigabaiti 120 kutoka kompyuta iliyokufa, na ukubwa huo si wa kubahatisha. Programu ya asili ya Xbox huhesabu vipande vya diski kwa anwani za biti 28, kila kipande baiti 512, hivyo haioni kitu zaidi ya gigabaiti 137. Programu za kwenye chipu zilikuja kurekebishwa zivuke hapo, hata diski ya gigabaiti 500 ikakaa, lakini kwa anayeanza mimi nasema abaki chini ya mstari. Tukahamisha yaliyomo kwa waya wa mtandao hadi kompyuta yangu, tukaweka diski mpya, tukaigawa kwa mtindo wa FATX ambao ni wa Xbox, tukarudisha. Kuna njia nyingine ya kusubiri Xbox iifungue diski yake kisha unachomoa waya wa data huku umeme unaendelea, unachomeka wa kompyuta huku diski bado iko wazi. Inafanya kazi. Mimi nina umri wa kutofanya hivyo.

Kuhusu wizi aliousema kijana: alikuwa na haki nusu. Chipu nyingi zilinunuliwa kwa ajili ya gemu za kunakili, na programu nyingi zilizowekwa humo zilikuwa za Microsoft wenyewe zilizochezewa, jambo ambalo halina utetezi. Lakini kikundi cha Xbox Linux kiliandika programu yake ya kuwashia, Cromwell, bila mstari hata mmoja wa Microsoft. Na kutoka kwenye mashine hizi zilizofunguliwa ndipo ilipozaliwa XBMC, programu ya kutazama video ambayo tangu 2014 inaitwa Kodi, ileile iliyo kwenye visanduku vingi vya televisheni. Jina hilo kwetu Waswahili linakumbusha mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Sheria za nchi hazikukubaliana: Marekani sheria ya 1998 inakataza kuuza vifaa vya kuvunja kufuli za namna hii, ilhali Mahakama Kuu ya Australia mwaka 2005 iliamua kuwa chipu za PlayStation haziangukii katika katazo lao la wakati huo.

Jioni tulifunga kasha, mashine ikawaka kwa chipu, gigabaiti 120 zikaonekana. Kijana akataka kujua kama bado inaweza kuwaka kama ilivyotoka dukani. Chipu hii ukishikilia kitufe kidogo hujizima na kuuachia mstari wa D0. Akashikilia. Skrini ikaandika namba 05.

"Imeharibika, mjomba?"

Namba 05 maana yake diski haijafungwa. Programu ya asili ilikuwa imeikuta diski iko wazi, inasomeka kwa yeyote, na kwa sababu hiyohiyo ikagoma kuwaka.

"Yaani inakataa kuingia kwa sababu mlango uko wazi?"

"Ndiyo hivyo, baba."

Tukawasha tena kwa chipu. Nikasoma EEPROM na kuweka nakala yake kwanza, kisha nikaiagiza mashine ikokotoe nenosiri la diski mpya na kuifunga. Akashikilia kitufe tena. Herufi ya kijani ikatokea, ikawaka kama ya dukani. Zile baiti 256 nilimtumia kwa barua pepe usiku uleule, na nakala ya pili nikaiandika kwa kalamu kwenye karatasi, mistari kumi na sita, nikaibandika ndani ya kasha pembeni ya diski.