Umeme wa Nyumbani (Sehemu ya 3): Taa Zinazozimika na Kurudi Zenyewe

Sehemu mbili zilizopita zilihusu hitilafu za vitu vilivyokwisha kufa: fyuzi iliyoungua, swichi iliyovunjika, balbu iliyokatika. Hizo ni hitilafu za kistaarabu. Ukiziacha hapo jioni, asubuhi unazikuta hapo hapo. Leo tunaingia kwenye zile zinazomtoa jasho hata fundi mzoefu: taa inazimika saa mbili usiku, saa tatu imerudi, na fundi akija kesho yake inawaka kama vile haijawahi kumkosea mtu.

Mazoea ya wengi ni kubadilisha vitu. Inanunuliwa balbu, kisha holda, kisha swichi. Na kwa kuwa tatizo huja na kuondoka kwa wakati wake, kila kifaa kipya huonekana ndicho dawa, mpaka linaporudi wiki inayofuata. Mimi nashauri usinunue chochote kabla ya kujua tatizo hutokea lini. Taa haizimiki hovyo. Kuna joto, unyevu, mtikisiko au mzigo wa umeme unaoichokoza. Andika saa, taa zipi zimezimika na zipi zimebaki, kama mvua ilinyesha, na ni chombo gani kilikuwa kikifanya kazi. Kama inayosumbua ni taa moja tu, ihamishe balbu yake chumba kingine. Ugonjwa ukihama nayo, balbu ndiyo mbovu na habari imekwisha. Zikizimika kadhaa kwa pamoja, endelea kusoma.

Tuchukue nyumba ya vyumba vitatu mjini Tanga, paa la bati, dari ya silingi bodi. Taa ya korido, ya chumba cha nyuma na ya baraza hufifia kisha huzimika, mara nyingi baada ya magharibi.

“Mama, zikizimika huzimika zote tatu?”

“Zote tatu, fundi. Ya sebuleni haijawahi kuzimika hata siku moja.”

Jibu hilo limemaliza nusu ya kazi. Katika nyumba nyingi nyaya za taa hutoka kwenye breka, zikafika taa ya kwanza, na kutoka kwenye silingi rozi yake, kile kiungio cha plastiki darini, zikaendelea hadi ya pili, kisha ya tatu. Sebule inawaka na korido haiwaki, kwa hiyo kasoro iko ama mahali nyaya zinapotoka sebuleni, ama zinapoingia korido, ama kwenye kipande cha waya kilicho katikati. Hakuna sababu ya kufungua kila kitu nyumbani.

Hapa ndipo testa inapowapoteza watu. Nazungumzia ile bisibisi yenye kitaa kidogo ndani. Fundi anaigusisha kwenye holda ya korido wakati taa imezimika, testa inawaka, naye anatangaza kwamba umeme upo, basi balbu imekufa. Akigusa na upande wa pili angeona testa inawaka hapo pia, na huo ndio ushahidi wenyewe. Nyutro ikikatika njiani, umeme wa laivu hupita ndani ya balbu, ukafika kwenye waya wa nyutro na kukosa njia ya kurudi. Waya wote wa nyutro, kuanzia pale ulipokatika kwenda mbele, unabaki na volti kama 230 dhidi ya ardhi. Taa zimezimika, nyumba ina giza, na waya ambao kila mtu anauhesabu kuwa salama unaweza kuua. Ndiyo maana siikubali testa kama kipimo cha kuamulia. Multimita ikisoma 230 kati ya laivu na ethi, lakini kati ya laivu na nyutro ikasoma karibu sifuri au tarakimu zinazoyumba, laivu ni nzima na nyutro ndiyo iliyokatika.

Katika nyumba yetu ya Tanga, baada ya breka kuzimwa na multimita kuthibitisha kwamba hakuna umeme, silingi rozi ya korido ilifunguliwa. Ukiiangalia juu juu haina kasoro: nyaya zote zimeingia kwenye matundu yake na skrubu zote zimekazwa. Ukisogeza tochi karibu, unaona skrubu ya nyutro imebana ganda la plastiki nyeusi, haikubana shaba. Aliyefunga hakumenya waya vya kutosha. Shaba iligusa ukingo wa chuma kwa ncha tu, na hapo ganda limegeuka kahawia na kukakamaa. Mchana bati huchemka na joto hujaa juu ya dari. Jua likizama, bati na mbao hupoa na kusinyaa, waya unavutwa kidogo, na ile ncha inaachia. Fundi akija saa nne asubuhi, joto limekwisha kurudisha kila kitu mahali pake. Akipanda darini na kuusogeza waya bila kujua, taa zinaweza kuwaka mwezi mzima, na yeye akalipwa.

Dawa yake haina gharama. Kata sehemu iliyoungua, menya waya upya, ukiwa mwembamba ukunje mara mbili ili skrubu ipate cha kubana, kaza, kisha uvute kwa mkono. Waya ukitoka, ulikuwa haujakazwa.

Msomaji atauliza kwa nini breka haikukata. Breka hukata mkondo unapozidi, na jointi iliyolegea hupunguza mkondo. Kwa breka, nyumba hiyo haikuwa na tatizo lolote. Tuseme jointi ina ukinzani wa nusu ohm. Taa za LED zikivuta nusu ampea, jointi inatoa joto la moja ya nane ya wati. Haitanuka wala kuyeyuka, itaendelea kukuchezea miaka. Sasa mtu achukue umeme wa soketi kwenye waya huo huo wa taa, kama inavyofanyika sana kwenye vyumba vya kupanga, na achomeke birika la wati 2,000. Mkondo unakaribia ampea 9, na jointi ile ile inatoa karibu wati 38 ndani ya kipande cha plastiki, juu ya dari, jirani na mbao kavu.

Ipo dalili moja isiyohitaji daftari. Friji ikianza na taa zikafifia kidogo, ni kawaida. Lakini baadhi ya taa zikiongeza mwanga kupita kawaida huku nyingine zikififia, nyutro kuu ya nyumba au ya mtaa imelegea. Kwenye umeme wa fezi tatu, volti za upande mmoja zinaweza kupanda kuelekea 400 na kuunguza kila kilichochomekwa. Zima mein swichi na upige simu shirika la umeme; usiguse mita wala waya unaotoka nguzoni.

Mvua nayo ina vituko vyake, hasa pwani ambako chumvi ya bahari hula shaba mpaka ikawa kijani. RCD, kile kifaa kinachokata umeme pale unaokwenda na unaorudi usipolingana, inakata kila baada ya mvua. Mwenye nyumba anazima breka ya taa za nje, lakini mtu akiwasha pasi RCD inakata tena, na pasi inapelekwa kwa fundi bila kosa. Breka ya kawaida hukata laivu peke yake. Nyutro ya taa ya nje, iliyogusana na ethi kwa sababu ya maji, bado imeungana na nyutro ya nyumba nzima, hivyo sehemu ya mkondo wa pasi inarudi kwa kupitia ardhi, na RCD ya miliampea 30 inaiona tofauti hiyo. Fundi mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya, atazima mein swichi, atachomoa nyutro ya taa za nje kwenye bodi, kisha atawasha tena. RCD ikitulia, mkosaji amepatikana. Halafu atoe balbu za LED na apime waya huo kwa volti 500 za DC: ukinzani usipungue megaohm 1. Apime siku ya mvua, kwa sababu ukikauka unaweza kufaulu.

Juma lijalo: swichi za ngazini, na kwa nini LED hung'aa kidogo hata ikiwa imezimwa.