D ya Zamani na D ya Sasa

Ninyi wenzangu mliotoka shuleni zamani, nataka kuwaeleza kosa nililolifanya mimi, lisije likawapata na ninyi.

Mwezi wa Februari 2025, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yalipotangazwa hapa Uganda, mpwa wangu alinionyesha karatasi yake. Nikatazama mstari wa hesabu, nikaona D. Nikamshika mkono kwa furaha. Siku zetu D1 na D2 ndizo zilizokuwa alama za juu. Zikafuata C3 hadi C6, kisha P7 na P8, na F9 ndiyo kuanguka. Namba za masomo manane yaliyo bora zilijumlishwa, na aliyepata jumla ya 8 hakuwa na wa kumpita.

Kijana akainamisha kichwa, nami nikadhani ni haya tu. Kesho yake nilipomhimiza achukue hesabu na fizikia katika Kidato cha Tano, ndipo aliponiambia, "Mjomba, D ya sasa siyo ile yenu."

Basi nikamwendea mwalimu wake, naye akanifundisha hivi. Mtaala mpya ulianza mwaka 2020 katika Kidato cha Kwanza. Shule zikafungwa kwa muda mrefu kwa ajili ya korona, hata watoto wale wakafanya mtihani mwaka 2024. Sasa kila somo lina herufi yake: A ni kazi ya pekee, B ni bora sana, C yaridhisha, D ni ya kiwango cha msingi tu, na E iko chini ya zote. Namba hazijumlishwi tena, wala hakuna divisheni. Tena katika kila alama 100, alama 20 hutoka katika kazi anazozifanya mwanafunzi shuleni, na 80 katika mtihani wa mwisho wa UNEB.

Nikauliza, "Je, hesabu zenyewe zimebadilika?" Akasema mambo mengi ni yale yale: aljebra, seti, vekta, matriksi, duara, grafu na hesabu za biashara. Kilichobadilika ni namna ya kuuliza. Zamani tuliambiwa: daftari 2 na kalamu 3 ni shilingi 4,500, daftari 1 na kalamu 4 ni shilingi 3,500, tafuta bei ya kila kimoja. Tukapata daftari shilingi 1,500 na kalamu shilingi 500, tukapiga mstari chini, kazi ikaisha. Leo mtoto huelezwa habari ya mama mwenye shilingi 11,000 anayetaka kuwapa watoto 6 daftari moja na kalamu moja kila mtu, kisha aulizwe kama fedha zatosha. Ni lazima atambue mwenyewe njia ya kupita, akokotoe, kisha amshauri mama yule kwamba zahitajika 12,000, yaani zimepungua 1,000. Aliyekariri njia bila kujua inatumika wapi hukwama hapo.

Mpwa wangu alikuwa amekwama hapo tangu Kidato cha Pili, nami kila muhula nilitazama herufi tu, nikamsifu kwa jambo lililokuwa likimwumiza. Sasa amechukua masomo mengine anayoyaweza, na anaendelea vizuri. Lakini alitamani kuwa mhandisi.

Dada yake yuko Kidato cha Tatu. Kila Jumamosi namwomba daftari lake la hesabu, naye hunieleza kwa maneno yake alichokifanya na kwa nini. Ninyi wanafunzi, msingoje mtihani. Zile alama 20 mnaziokota leo darasani. Na mzazi wenu akiifurahia herufi asiyoielewa, msinyamaze. Mwambieni siku ile ile.