Hofu, Huzuni na Hatua za Kariakoo

Simama kidogo Mtaa wa Kongo, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, pale meza za wamachinga zinapoibana njia, uwatazame watu kuanzia mabegani kwenda chini. Nyuso ziache. Yule dada aliyeukumbatia mkoba kifuani anapiga hatua fupi fupi, viwiko kavibana mbavuni, shingo imekakamaa. Hajasema neno, lakini unajua anaogopa vibaka.

Hofu huanza kichwani, ila haikai huko. Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu, moyo huenda mbio, na misuli hukaza ikijiandaa kukimbia au kupambana. Misuli iliyokaza haiachi mkono ubembee wala kiuno kizunguke kwa raha.

Macho yetu ni hodari kuyasoma haya. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Johansson, alifunga taa ndogo kwenye viungo vya mtu na kumrekodi gizani. Watazamaji waliona nukta tu, lakini ziliposogea wakatambua papo hapo kwamba ni mtu anatembea. Tafiti za baadaye zilionyesha kuwa nukta kama hizo zinatosha hata kubashiri hisia.

Wahalifu nao husoma mwendo. Mwaka 1981 Betty Grayson na Morris Stein walichapisha utafiti wao wa New York: walirekodi wapita njia bila wao kujua, kisha wakawaonyesha picha hizo wafungwa waliowahi kushambulia watu. Waliotajwa kuwa rahisi kuvamiwa walikuwa na mwendo usiopatana, hatua ndefu mno au fupi mno, mikono na miguu kila kimoja na lake. Ninaamini ndicho wenyeji wanachokijua wanapomwonya mgeni anayeshuka kituo cha mabasi cha Gerezani: tembea kama mtu anayejua aendako.

Huzuni ina alama nyingine. Johannes Michalak na wenzake, nchini Ujerumani, waliwapima wagonjwa wa sonona, yaani huzuni nzito iliyogeuka ugonjwa, mwaka 2009. Wagonjwa hao walitembea polepole, mikono haikubembea sana, mgongo ulijikunja, kichwa kilipanda na kushuka kidogo tu, na kiwiliwili kiliyumba zaidi kushoto na kulia. Mwaka 2015 Michalak na wenzake wakageuza swali: watu wenye afya walielekezwa kubadili mwendo wao, wengine kwa namna ya huzuni, wengine kwa furaha, bila kuambiwa lengo. Katika maneno mazuri na mabaya waliyopewa wakitembea, waliotembea kwa huzuni walielemea kukumbuka mabaya kuliko wenzao. Kwangu hili ndilo zito kuliko yote, kwamba miguu nayo hupeleka habari kichwani.

Lakini Kariakoo inataka uangalifu. Kijana aliyeinama chini ya robota la mitumba, akipaza sauti apishwe, hana huzuni; ana mzigo. Goti bovu, uzee, viatu vinavyobana na msongamano wenyewe hubadili hatua. Mtu ulinganishe na mwendo wake mwenyewe wa siku zote. Jirani wa dukani aliyezoea kuja akichapa mwendo, kisha kwa wiki mbili au zaidi anajikokota, hali vizuri, halali, wala bei haimshughulishi tena, mkalishe umuulize habari zake, na umsindikize hospitali. Sonona inatibika, na Hospitali ya Muhimbili, yenye madaktari wa afya ya akili, haiko mbali na Kariakoo.