Simu ya Mama Inapolia Dubai

Na Mwandishi Wetu

Mwaka jana dada yangu, mfanyabiashara wa mapazia na mashuka Kariakoo, alikwenda Dubai kununua bidhaa. Siku ya nne mama yetu, aliyeko Tanga, alizidiwa na shinikizo la damu usiku, akalazwa. Kabla ya kuishiwa nguvu alimpigia bintiye mara tatu, asipokewe. Simu za ndugu zilizofuata hazikuita kabisa. Dada alipata habari baada ya siku mbili, mama amekwisha kutoka wodini. "Mwanangu, nilikupigia hata nikachoka," ndiyo maneno pekee aliyoambiwa. Ameniruhusu kuyaandika haya kwa sharti kwamba nieleze kosa lilikuwa wapi.

Laini yake ilikuwa imewekwa tangu nyumbani ipeleke kwenye sanduku la sauti kila simu isiyopokewa. Ukiwa nchini, utaratibu huo haumdhuru mtu. Ng'ambo mambo ni mengine. Mama hupiga kutoka Tanga, simu ikasafirishwa hadi Dubai, ikaita ndani ya mkoba katikati ya kelele za soko la Deira. Isipopokewa, hurudishwa Tanzania kwenda kwenye sanduku. Mwenye laini huweza kutozwa safari zote mbili: ya kwenda, kana kwamba ameipokea, na ya kurudi, kana kwamba yeye ndiye aliyepiga kutoka Dubai. Hivyo ndivyo salio la dada lilivyoteketea bila yeye kutamka neno. Na kwa kuwa mtumiaji wa vocha hulipia hata kupokea akiwa ng'ambo, salio lilipokwisha, laini ikanyamaza.

Msomaji atauliza: kwani intaneti ilikuwa na kazi gani? Ni kweli kwamba tangu mwaka 2015 watu hupigiana kwa WhatsApp, na kwamba dakika moja ya sauti aghalabu haimalizi hata megabaiti moja. Lakini mama ana simu ya tochi, nayo haijui intaneti. Tena Falme za Kiarabu zimezuia kwa muda mrefu kupigiana sauti kwa WhatsApp. Hupita maandishi na sauti zilizorekodiwa tu. Anayetaka kuzungumza hutumia programu iliyopewa leseni huko, kama BOTIM, na lazima pande zote mbili ziwe nayo. Saudi Arabia ililegeza masharti ya namna hiyo mwaka 2017.

Basi safari hii tumefanya hivi. Dada alipokuwa bado nyumbani, alibonyeza **21*, akafuatisha namba yangu, akamalizia na alama ya reli, #, kisha akapiga. Tangu hapo kila anayempigia hunipata mimi, na simu haivuki mpaka hata kidogo. Yeye hulipia kipande cha kutoka laini yake hadi yangu, kwa bei ya humu nchini, ndiyo maana aliacha salio la kutosha. Nami humfikishia habari kwa intaneti ya hoteli anayofikia. Ujumbe mfupi hauelekezwi. Humfuata mwenyewe huko aliko. Kuhakikisha kama agizo limeshika, bonyeza *#21#. Kufuta maelekezo yote, ##002#. Ni vema kuyafanya haya kabla ya kupanda ndege, maana ukiwa ng'ambo agizo huweza kukataliwa. Usisahau pia kufuta ukirudi. Safari iliyopita nilijibu wateja wa mapazia kwa juma zima, na bei sizijui.

Wapo matapeli wanaoutumia mlango huu huu. Mtu hukupigia akijidai mfanyakazi wa kampuni ya simu, akakutaka ubonyeze **21* au **67* pamoja na namba asiyoitaja ni ya nani. Ukitii, simu zako zinakwenda kwake, ikiwamo ile inayosoma namba ya siri ya kufungulia WhatsApp yako. Akishaipata, huanza kuwaomba fedha jamaa zako kwa jina lako.

Juzi jioni mama alipiga, akashtuka kusikia sauti yangu badala ya ya bintiye. Alipoelewa, aliagiza aletewe kipimo cha shinikizo la damu, kile cha kufunga mkononi. Baada ya dakika nne ujumbe ulikuwa umefika Deira.