Kelele za Magari Mazito: Kwa Nini Wastani wa Desibeli Hautoshi

Barabara ikishajengwa, ni vigumu kuipunguzia kelele. Kwa sababu hiyo, watafiti wa sauti hutafuta njia ya kumsikilizisha mwananchi kelele za malori kabla mradi haujaanza. Njia mojawapo ni kuiga sauti hizo kwa kompyuta.

Sauti ya injini na ile ya matairi hutengenezwa kila moja peke yake. Kisha kompyuta hukokotoa namna umbali, ardhi na kuta zinavyoibadilisha sauti kabla haijamfikia msikilizaji. Watu huketi katika chumba tulivu, husikilizishwa sauti hizo kwa spika, na kila mmoja hueleza kiasi cha kero kwa kipimo cha 0 hadi 10. Nchini Uswisi, taasisi ya utafiti ya Empa iliyopo Dübendorf ina maabara ya kazi hiyo.

Faida ya kuiga ni kwamba mtafiti anaweza kubadilisha jambo moja tu, kama vile mwendo wa lori au kimo cha ukuta, huku mengine yakibaki vilevile. Barabarani hilo haliwezekani.

Sikio halihesabu kama mashine. Idadi ya malori ikiongezeka maradufu kwa mwendo uleule, wastani wa kelele hupanda kwa desibeli 3 tu, ilhali kwa kawaida huhitajika ongezeko la takriban desibeli 10 ili msikilizaji aone sauti imekuwa kubwa maradufu. Hata hivyo, aliyelala haamshwi na wastani. Huamshwa na lori moja linalopita katikati ya ukimya.

Aidha, kipimo cha kawaida cha kelele huzipunguzia uzito sauti nzito, na hizo ndizo zinazopenya kuta na madirisha yaliyofungwa kwa urahisi zaidi. Hivyo, barabara mbili zenye takwimu moja zaweza kutofautiana kwa kero.

Mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa nchi za Ulaya kwamba kelele za barabarani zisizidi wastani wa desibeli 45 nyakati za usiku. Nchini Tanzania, udhibiti wa kelele huongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Malori yatokayo Bandari ya Dar es Salaam kuelekea Zambia na Kongo hupita kando ya makazi, na joto huwafanya wakazi wengi walale madirisha yakiwa wazi. Hivyo, matokeo ya maabara za nchi za baridi hayawezi kuhamishiwa hapa bila kuzingatia hali hiyo. Anayepanga njia au maegesho ya malori hana budi kuuliza, mbali na wastani wa desibeli, ni malori mangapi yatapita usiku na mkazi atasikia nini akiwa kitandani.