Kabla ya Kumpa Fundi Fedha

Mkulima akiisha kupokea malipo ya kahawa, fikira yake ya kwanza huwa nyumba ya mawe. Hata mimi karani nilifanya hivyo, tena nikampa fundi fedha zote kabla hajachimba msingi. Kuta zilipofika usawa wa madirisha akaenda zake. (Mke wangu hajasahau.)

Basi, ndugu mkulima, kwanza nenda ukatazame nyumba mbili tatu alizojenga, uwaulize wenyewe kama zinavuja. Patana naye kwa maandishi: ramani iliyopitishwa na kaunti, bei, na nani atanunua saruji. Mlipe kwa hatua: msingi, kuta, paa. Zege limwagiliwe maji siku 7, wala asikuharakishe. Kiasi cha mwisho usikitoe mpaka mvua kubwa imenyesha juu ya paa.