Je, mwanao haitiki anapoitwa? Huenda ni usonji

Hebu fikiri uko katika stendi ya matatu mjini Nyeri, saa kumi na mbili jioni. Mvua imenyesha na watu wamejaa. Mwanao wa miaka minne anaziba masikio kwa viganja, anajitupa kwenye matope na kupiga mayowe. Hujamchapa wala hujamnyima kitu. Makanga anakuambia, "Mama, tuliza mtoto, abiria wanaogopa." Bibi mmoja aliyebeba kikapu anatikisa kichwa na kusema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu, kwamba enzi zake watoto walichapwa wakashika adabu. Unamwinua mwanao, unaiacha matatu hiyo iende, na unatembea hadi nyumbani gizani ukilia.

Ikiwa umewahi kupatwa na haya mjini Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu au Meru, makala haya ni yako. Na ikiwa wewe ni mmoja wa wale waliosimama kutazama, ni yako vilevile.

Mtoto wa aina hiyo huenda ana usonji, hali ambayo wengi wanaijua kwa jina la otizimu. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo ambayo huanza mapema sana, hata kabla ya mtoto kuzaliwa, na mtu huishi nayo maisha yake yote. Daktari Leo Kanner wa Marekani ndiye aliyeieleza kwa kina mwaka 1943, baada ya kuwachunguza watoto 11. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Wavulana hutambuliwa kuwa nayo mara nyingi zaidi kuliko wasichana.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba hali hii ni nadra Afrika. Mwaka 1978 mtafiti Victor Lotter alichapisha matokeo ya ziara zake katika taasisi za watoto wenye ulemavu wa akili katika nchi kadhaa za bara hili, Kenya ikiwemo. Kati ya watoto zaidi ya 1,300, aliwatambua 9 tu. Lakini msomaji, jiulize: ni watoto wangapi wakati huo waliokuwa wamefungiwa nyumbani, mbali na macho ya mtafiti yeyote?

DALILI ZA KUANGALIA

Mtoto anapotimiza mwaka mmoja hivi, kwa kawaida hugeuka anapoitwa jina lake, hukutazama usoni na huanza kukuonyesha kitu kwa kidole. Muone mhudumu wa afya ikiwa mwanao:

- Haitiki jina lake akiwa na umri wa mwaka mmoja, ilhali anasikia mlango ukifunguliwa au redio ikiwashwa.

- Haonyeshi kitu kwa kidole. Akitaka maji, anaushika mkono wako na kuupeleka kwenye kikombe kana kwamba mkono huo ni chombo.

- Hajatamka neno lolote akiwa na miezi 16, au haunganishi maneno mawili akiwa na miaka miwili.

- Alikuwa ameanza kusema "mama" na "maji", kisha akanyamaza. Hii ni dalili ya kukupeleka kliniki upesi.

- Anacheza kwa namna moja tu kila siku: anapanga vifuniko vya soda mstari mmoja, anazungusha gurudumu la gari la kuchezea, anapunga mikono au anazunguka.

- Anakasirika sana ratiba ikibadilika, au anaumizwa na sauti, mwanga, harufu au nguo fulani ambazo wengine hawazijali.

Dalili moja pekee haitoshi kusema mtoto ana usonji. Aidha, watoto hawa hawafanani. Mmoja hatasema neno maisha yake yote, na mwingine atasoma gazeti akiwa na miaka mitano lakini ashindwe kucheza na wenzake.

SI LAANA, SI MALEZI MABAYA

Katika familia nyingi za eneo la Mlima Kenya, swali la kwanza baada ya mtoto kukawia kusema huwa, "Amemfuata nani?" Kwa desturi ya Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Basi jina linakuwa chanzo cha lawama: upande wa mume unasema hali hii imetoka kwa upande wa mke, na upande wa mke unajibu vivyo hivyo. Wazee wengine hutaja kirumi, yaani laana ya mzazi aliyekufa na kinyongo, au thahu. Mambo haya hayako mlimani tu. Watafiti waliozungumza na wazazi na wataalamu Kilifi na Mombasa, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2015, walisikia habari za mapepo, uchawi na laana.

Imani hizi zina gharama. Mbuzi huchinjwa, pesa za karo huishia kwa mganga au kwenye maombi ya kulipia, na miaka ile ambayo mtoto angefundishwa kuongea inapita. Ndoa nyingine huvunjika papo hapo.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii imewaumiza wazazi wengi wa watoto hawa. Hata wasomi wa ng'ambo waliwahi kuwakosea akina mama kwa namna hiyo hiyo: katika miaka ya 1950 na 1960 ilidaiwa kwamba usonji huletwa na mama asiye na mapenzi kwa mtoto. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mwanawe alikuwa na usonji, aliandika kitabu kupinga dai hilo. Kisha mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha uchunguzi wa jozi 21 za mapacha nchini Uingereza. Kati ya jozi 11 za mapacha wa kufanana kabisa, 4 zilikuwa na watoto wote wawili wenye usonji. Kati ya jozi 10 za mapacha wa kawaida, hakukuwa na hata moja. Tangu hapo imethibitishwa kwamba urithi una nafasi kubwa, ingawa hakuna kijeni kimoja cha kulaumiwa, wala mzazi mmoja.

Na chanjo je? Hofu hii ilienezwa na makala ya daktari Andrew Wakefield ya mwaka 1998, yaliyohusisha usonji na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Jarida lililoyachapisha liliyafuta mwaka 2010, na mwaka huo huo Wakefield akanyang'anywa leseni ya udaktari nchini Uingereza. Uchunguzi wa watoto zaidi ya 650,000 wa Denmark, uliotolewa mwaka 2019, haukuona uhusiano wowote. Mpeleke mtoto wako akachanjwe. Surua inaua.

UANZIE WAPI?

Anza na kile kijitabu cha Mama na Mtoto ulichopewa kliniki. Wengi hutazama ukurasa wa chanjo na uzani tu, ilhali humo pia mna hatua za ukuaji wa mtoto. Kipeleke kwa muuguzi na umweleze yale ambayo mwanao hafanyi. Ukiambiwa "wavulana huchelewa kusema, ngoja tu", usiondoke. Omba kwa heshima uandikiwe barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya kaunti.

Jambo la kwanza huko ni masikio kupimwa, kwa sababu mtoto asiyesikia naye haitiki. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha usonji. Mtaalamu humtazama mtoto akicheza na kukuuliza maswali mengi, kwa hivyo andika mapema yale unayoyaona nyumbani. Taja pia ikiwa mtoto huwa anatetemeka, anaanguka au anakodoa macho bila kujitambua. Kifafa huwapata watoto wengi wenye usonji, na kifafa kina dawa.

Hatua ya pili ni kituo cha kutathmini mahitaji ya elimu maalum, ambacho wengi hukiita EARC. Vituo hivi vilianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark na viko chini ya Wizara ya Elimu. Uliza katika afisi ya elimu ya kaunti ndogo yako. Hapo ndipo utakapoelekezwa kwenye shule au kitengo maalum kinachomfaa mtoto.

Hatua ya tatu ni kumsajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo lina afisi katika kaunti. Wazazi wengi huona haya kuchukua kadi hiyo, wakidhani wanamtia mtoto alama. Kadi ni ufunguo wa huduma. Kwa familia maskini yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, mpango wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Si nyingi, lakini ni nauli ya kliniki.

NYUMBANI KILA SIKU

Usonji hauna dawa ya kuuponya. Daktari anaweza kutoa dawa ya kupunguza hasira kali au kumsaidia mtoto kulala, basi. Anayekuuzia maji, vidonge au mafuta ya kuuondoa usonji anakuibia, na baadhi ya vitu hivyo ni sumu. Kinachosaidia ni mafunzo ya kila siku, na mwalimu mkuu ni wewe. Mwaka 2022 WHO ilitoa mafunzo maalum kwa ajili ya walezi, yanayotumia kazi na michezo ya kawaida ya nyumbani.

Mawasiliano ndiyo ya kwanza. Keti chini alipo mtoto. Akipanga vifuniko, nawe panga, kisha taja: "Chekundu. Kingine." Tumia maneno machache. Akiwa haongei, kata picha za kikombe, sahani, kiatu na matatu kutoka kwa gazeti hili, zibandike kwenye kadibodi, na umfundishe kukupa picha ya kile anachotaka. Usihofu kwamba picha zitamfanya mvivu wa kusema. Mtoto anayejua kuomba hupiga mayowe machache.

Wazazi wengine huambiwa waache Kikuyu au Kimeru na kumsemesha mtoto Kiingereza pekee. Tafiti hazijaonyesha kwamba lugha mbili humchelewesha mtoto mwenye usonji. Msemeshe lugha ambayo inakutoka vizuri, naye nyanya yake aweze kumsemesha pia.

Ratiba ni ya pili. Mwonyeshe picha za siku nzima: kuoga, chai, viatu, safari. Kabla ya kwenda stendi au kanisani kwenye vipaza sauti, mweleze, mzibe masikio kwa kofia nzito, na keti karibu na mlango. Akilipuka, usimchape wala usimhubirie. Mtoe kwenye kelele, kaa karibu naye, ngoja.

Chakula nacho huleta vita. Mtoto anaweza kukataa mukimo kwa sababu ya jinsi unavyohisi mdomoni, au githeri kwa sababu mahindi na maharagwe yamechanganywa. Tenga kila kitu upande wake wa sahani, na ongeza kipya kidogo kidogo.

Usalama usiusahau. Watoto wengi wenye usonji hutoroka, na wengi huvutiwa na maji, nayo mito ya mlimani ina kasi. Shona namba yako ya simu ndani ya nguo zake. Mjulishe mlinzi wa ploti, mwenye duka na vijana wa bodaboda. Lakini usimfunge kwa kamba wala kumfungia chumbani.

SHULE NI HAKI YAKE

Katiba ya 2010 inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, inalinda haki za watu hawa. Mtaala wa sasa pia una njia ya hatua kwa hatua kwa watoto wasioweza kufuata masomo ya kawaida, kuanzia kujihudumia hadi ufundi.

Haki hizi hazikushuka zenyewe. Mwaka 2003 wazazi walianzisha Chama cha Usonji cha Kenya, na mwaka huo huo kitengo cha watoto wenye usonji kikafunguliwa katika Shule ya Msingi ya City, Nairobi. Mzazi wa Nyeri hawezi kusafiri kilomita 150 kila asubuhi, lakini anaweza kuiga. Ukimpata mzazi mmoja wa mtoto kama wako kliniki, chukua namba yake. Wakiwa watano, mwalimu mkuu na mwakilishi wa wadi watawasikiliza.

Mwisho kuna swali ambalo mama huliuliza usiku: "Nikifa, nani atamtunza?" Lijibu ukiwa hai. Mfundishe kuoga, kuvaa na kupika chai, hata ikichukua miaka mitatu. Waeleze ndugu zake ukweli bila kuwatwika mzigo wa mzazi. Andika wosia na umtaje kwenye shamba kama wengine. Nawe baba, usijifiche kazini. Mchukue Jumapili alasiri ili mama alale.

Nawe uliyekuwa stendi siku ile, ukimwona tena mama yule, usimshauri. Muulize, "Mama, nikushikie mzigo?" Kisha mwachie kiti kilicho karibu na mlango.